Delta ya Rufiji: Hesabu ya Hekta Haitoshi

Kila inapozungumzwa habari ya kuhifadhi delta ya Rufiji, maneno huanza na kuishia katika ukubwa wa eneo. Tunaambiwa hekta 53,000 na ushei za mikoko, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote iliyo pamoja katika Afrika Mashariki. Tunaambiwa hekta 596,908 za ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa, zilizoandikishwa katika Mkataba wa Ramsar tarehe 29 Oktoba 2004. Tarakimu hizi ni za kweli, na kila mwananchi wa Kibiti, wa Rufiji na wa Mafia ana haki ya kujivunia. Lakini hekta ni kipimo cha shamba. Haielezi ni nani anayeishi humo, wala haielezi ni nani akitoweka hatapatikana tena mahali pengine popote.

Tunapenda leo kuwaomba ndugu zetu wa visiwani, na viongozi wa Halmashauri, Mkoa na Wizara, waongeze hesabu nyingine juu ya hiyo ya hekta. Hesabu yenyewe si ngeni kwetu. Ni hesabu ya nasaba.

Katika jamii zetu, mzee anapofariki akaacha watoto kumi na wajukuu arobaini, msiba ni msiba, lakini nyumba yake ingali wazi. Anapofariki mtu ambaye wazazi wake, ndugu zake na binamu zake wote wamekwisha tangulia, naye hakuacha kizazi, hapo watu hutikisa vichwa na kusema nyumba imefungwa. Wote wawili walikuwa binadamu, na heshima yao mbele ya Mungu ni moja. Hata hivyo kila aliyehudhuria mazishi yale mawili anajua kwamba hasara ya pili ni ya namna nyingine.

Ndivyo ilivyo kwa viumbe. Wapo wenye jamaa wengi wa karibu, waliotengana juzi tu kwa hesabu ya maumbile, na wapo waliobaki peke yao katika tawi lililoachana na matawi mengine mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 1992 Daniel Faith, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Australia, alitoa kipimo cha jambo hili. Badala ya kuhesabu aina za viumbe kama vichwa sokoni, yeye alijumlisha urefu wa matawi yao katika mti wa nasaba, ili ijulikane ni kiasi gani cha historia ya mageuko ya viumbe kinachookolewa au kupotezwa. Mwaka 2007 Chama cha Elimu ya Wanyama cha London kikaanza mpango wa kuwatanguliza katika hifadhi viumbe wenye sifa mbili kwa pamoja: wapweke katika nasaba, na walio karibu kutoweka. Nasaba hiyo husomwa siku hizi katika chembe za urithi, ambazo Kiswahili kimeziita vinasaba, na jina hilo limepatia.

Wako wacha Mungu watakaosita wanaposikia neno mageuko. Hatutaki kufungua mjadala wa darasani katika ukurasa huu. Yatosha kusema kwamba anayeamini viumbe hivi ni amana aliyokabidhiwa mwanadamu, na anayeamini ni kazi ya miaka milioni mia moja ya maumbile, wote wawili wana sababu ileile ya kutopoteza kilicho cha pekee. Nabii Nuhu hakuagizwa kupakia wenye nyama nyingi peke yao.

Sasa tuitazame delta yetu kwa jicho hilo, tuanze na mnyama ambaye wavuvi wa Kibiti na Mafia wanamjua kwa jina kuliko kwa sura, yaani nguva.

Zamani, kwa muda wa mamilioni ya miaka, bara la Afrika lenyewe lilikuwa kisiwa, limezungukwa na maji pande zote. Katika kisiwa hicho ulizaliwa ukoo mmoja wa wanyama wanyonyeshao ambao hawakutoka bara jingine. Mwaka 1998 wataalamu waliuita Afrotheria, maana yake wanyama wa Afrika. Wamo humo tembo, nguva, pimbi, mhanga, na njule, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu arukaye katika majani makavu ya misitu yetu ya pwani. Kwa sura hawafanani hata kidogo. Mmoja ana uzito wa tani kadhaa, mwingine hubebwa kwa kiganja kimoja. Mmoja huchimba vichuguu usiku kutafuta mchwa, mwingine hula nyasi chini ya bahari. Lakini ni watoto wa nyumba moja. Na mtu akiufuata mto Rufiji kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mpaka mlango wa bahari unaoelekea Mafia, anapita katika nchi ya ukoo huo wote. Ni mahali pachache duniani panapoweza kusemwa hivyo, na pengine ni wananchi wachache wa bonde hili waliopata kuambiwa.

Katika ukoo huo tembo ndiye mwenye sauti, na ametumiwa fedha nyingi. Ilistahili. Pori la Selous na Mikumi lililokuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976 lilihesabiwa mwaka 2013 likakutwa na 13,000 hivi, kwa sababu ya ujangili. Hatumwonei tembo wivu. Tunachosema ni kwamba nduguye wa baharini yuko katika hali mbaya zaidi na hana askari.

Nguva hubeba mimba zaidi ya mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na huweza kukaa miaka mitatu hata saba kabla ya kuzaa tena. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumwonyesha mtu yeyote mwenye mifugo kwamba kundi dogo likipoteza majike wawili kwa mwaka halitasimama. Jamaa zake waliobaki duniani ni manatii wa aina tatu, wa Amerika na wa Afrika Magharibi. Katika nyumba yake mwenyewe hana ndugu. Alikuwa naye mmoja, mkubwa kupita kiasi, katika bahari baridi iliyo kati ya Urusi na Alaska. Msafara wa Urusi ulimkuta mwaka 1741, na ilipofika mwaka 1768 alikuwa amekwisha liwa hadi wa mwisho. Ilichukua miaka 27 tu.

Mwezi Desemba 2022 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, uliwatangaza nguva wa Afrika Mashariki kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wakubwa wanaoweza kuzaa wanakadiriwa kuwa chini ya 250 katika pwani yote. Kwa upande wa Tanzania, maji yaliyo baina ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa ndiyo yanayohesabiwa kuwa kimbilio lao kuu lililobaki. Sheria inamlinda nguva. Lakini jarife halijui sheria. Nguva hana budi kupanda juu kuvuta pumzi, naye akinaswa usiku katika jarife lililotegwa kwa ajili ya papa na taa, mvuvi humkuta asubuhi amekwisha kufa. Mvuvi huyo si jangili. Yeye ni mwananchi aliyetafuta riziki kwa zana iliyouzwa dukani mchana kweupe, na tena anayo sababu ya kuogopa kutoa taarifa, maana anayetaja nguva aliyekufa hudhaniwa kuwa ndiye aliyemwua. Kwa hiyo nguva hufa kimya, na daftari la ofisini hubaki safi.

Hapo ndipo hesabu ya hekta na ya kilo inapotudanganya. Katika takwimu za uvuvi, nguva si kitu. Katika ramani ya mikoko pia hayumo, maana yeye yuko kwenye nyasi za bahari zilizo mbele ya mikoko. Ofisa anaweza kujaza fomu zake zote kwa uaminifu, eneo lisipungue hata hekta moja, na huku nyumba ya nguva ikafungwa.

Tuje sasa kwenye mikoko yenyewe, na hapa tuna neno na lugha ya ofisi zetu. Taarifa husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja. Wenyeji wa delta, kuanzia Nyamisati na Salale hadi Mbwera na Jaja, hawasemi hivyo wanapokwenda kukata. Wao hutaja mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana, mkomafi, kikandaa na msikundazi, na kila mmoja una kazi yake. Boriti na fito ni za mkoko na mkandaa, zikahesabiwa kwa korja na kupakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni tangu enzi za mababu. Mataruma ya mashua ni ya mlilana.

Elimu ya nasaba inasema wenyeji ndio waliopatia. Miti hiyo minane inatoka katika koo sita zilizo mbali mbali. Mkoko, mkandaa na msinzi ni ndugu wa tumbo moja. Mbegu zao huota zingali mtini. Mkomafi ni wa ukoo wa mwarobaini na mkangazi. Msikundazi ni jamaa wa mbuyu na pamba. Mlilana, wanawake wa pwani watashangaa kusikia, ni wa ukoo wa mhina. Kikandaa ni wa ukoo wa mkungu. Mchu umetoka katika ukoo ambao wengi wake ni vichaka na majani ya kando ya njia. Kila ukoo ulishuka baharini kwa wakati wake na kujifunza kuishi na chumvi kwa njia yake. Mkoko huizuia chumvi mizizini. Mchu huiacha ipande, kisha huitoa kwenye majani, na mtu akiliramba jani lake ataionja.

Faida ya jambo hili si ya vitabuni tu. Bwawa la Mwalimu Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Ni kazi kubwa ya Taifa ambayo tulisubiri tangu kizazi cha baba zetu, nasi tunaiunga mkono. Lakini delta imejengwa na udongo ulioletwa na mto, na bwawa lolote duniani huzuia sehemu ya udongo huo na kubadili majira ya maji. Mto wenyewe nao haukupata kutulia. Ulikwisha hamisha mkondo wake mkuu kuelekea kaskazini mwa delta katika miaka ya 1970, na mwezi Aprili 2024 wananchi wa Rufiji na Kibiti walipata mafuriko makubwa. Kwa hiyo haijulikani ni mfereji gani utakuwa na chumvi zaidi miaka ishirini ijayo na upi utakuwa na maji matamu. Msitu wenye koo sita una majibu sita kwa swali hilo. Ukibaki na ukoo mmoja, una jibu moja, na huenda likawa si lenyewe.

Kwa bahati mbaya kazi ya kupanda mikoko, ambayo tunaipongeza kwa moyo wote, ina mwelekeo wa kupunguza koo badala ya kuzihifadhi. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huokotwa kirahisi, huchomekwa topeni kwa mkono, na siku ya sherehe mgeni rasmi hupiga picha akiwa ameinama. Msikundazi hauna urahisi huo. Wapenda maji yaliyopungua chumvi, juu kwenye kingo za ndani za delta, na mahali hapo ndipo mkulima wa mpunga napo anapopahitaji. Basi tukikata hekta moja ya msikundazi na mkomafi ndani, tukapanda hekta moja ya mkoko nje, taarifa itasema hatukupoteza kitu. Na katika biashara ya kaboni, ambayo kanuni zake zilitolewa nchini mwaka 2022, hatari ni ileile, kwa sababu tani ya hewa ya ukaa haina jina la ukoo.

Tuseme neno pia juu ya njule, ijapokuwa kwa ufupi. Wataalamu huuhesabu mto Rufiji kuwa mpaka. Kaskazini yupo njule mwenye rangi nyeusi na nyekundu ya kutu, na kusini yupo jamaa yake mwenye madoadoa mgongoni. Maana yake ni kwamba msitu wa pwani ulioko upande wa Kibiti, kama Mchungu, na ule ulioko vilima vya Matumbi, kama Kiwengoma, haviwezi kubadilishana. Akija mpangaji wa mipango akasema tuutoe huu kwa kuwa ule upo, na aonyeshwe mto.

Huenda ikaulizwa kama kuna nchi iliyopata kuendesha mambo kwa hesabu ya nasaba. Ipo, nayo ni hii yetu. Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walinasa samaki wa ajabu, silikanti, wa kwanza kujulikana katika maji ya Tanzania. Ukoo wa samaki huyo ni wa miaka milioni 400 hivi, na wataalamu waliamini umekwisha pamoja na madinosaria, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia mwaka 2004 makumi yao yakanaswa Tanga katika majarife ya kina kirefu. Mnamo mwaka 2009 Serikali ikatangaza hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga. Tuangalie vizuri sababu yake. Silikanti si samaki wa kuliwa, haleti fedha za kigeni kama kamba, wala watalii hawawezi kumwona, maana anaishi kwenye mapango ya giza. Alilindwa kwa sababu moja tu, kwamba nyumba yake ni ya kale na amebaki karibu peke yake. Mwaka 2013 wanasayansi walipochapisha vinasaba vya samaki huyo kamili, walimo Watanzania miongoni mwa waandishi. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mawazo haya ni ya Wazungu na hayatuhusu, na ajue kwamba Tanga wameyatenda.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na haifai kuipuuza. Mkulima wa Kibiti ana njaa leo, naye hawezi kula nasaba. Ni kweli, na hifadhi ya kuwafukuza watu hatuiungi mkono. Historia ya delta hii imejaa watu waliotoka mbali na mahesabu yao. Katika miaka ya 1990 palipendekezwa mradi wa kufuga kamba katika maelfu ya hekta za delta, kana kwamba hapana watu. Wananchi wakaupinga hadi mahakamani, na haukujengwa. Waliokataa siku ile ndio walioinusuru mikoko. Hatuwezi leo kuwageuzia kibao na kuwaita waharibifu. Tena hesabu ya nasaba ina nafuu kwa mwananchi, kwa kuwa haidai kufungwa kwa delta yote. Inasema ni vipande gani visivyoguswa, na vingi vyake ni vidogo, na inaacha nafasi pana zaidi ya kukata mkoko na mkandaa kwa vibali, kulima penye mashamba ya zamani, na kuvua.

Na hapa tutoe angalizo kwa upande wa pili, wasije watu wakachukua nusu ya maneno yetu. Mkoko wenye jamaa wengi na kamba aliyejaa mtoni si viumbe duni. Hao ndio wanaotulisha. Hesabu ya nasaba ni ya kuongoza uchaguzi pale ambapo fedha na askari havitoshi, nao hawakupata kutosha hata siku moja.

Tunapendekeza basi kwamba Wakala wa Huduma za Misitu, anapoandika hali ya mikoko ya delta, aandike kila mti kwa jina lake, na pasiwepo kibali cha kukata wala kufyeka msikundazi mpya mpaka ijulikane umebaki kiasi gani na wapi. Wakulima wa mpunga walioko tayari wakubaliane mipaka na serikali za vijiji vyao, mipaka hiyo iandikwe, na iheshimiwe na pande zote mbili. Vitalu vya miche viwe na mkomafi na msikundazi, hata kama havipendezi kwenye picha. Watoto wa shule za visiwani wanaweza kuokota mbegu zake zikielea mitoni. Wanaopanga maji ya bwawa wakae na watu wa delta kabla ya msimu, badala ya kuwapelekea barua baada yake.

Kuhusu nguva, jambo la kwanza ni la gharama ndogo, nalo liko ndani ya uwezo wa Wilaya za Kibiti, Rufiji, Mafia na Kilwa zikikaa meza moja na vikundi vya wavuvi, BMU. Mvuvi anayeleta taarifa ya nguva aliyenaswa bila kukusudia asikamatwe wala asinyang'anywe chombo. Aandikiwe mahali, tarehe na aina ya wavu, na ashukuriwe. Baada ya misimu miwili tutakuwa na ramani ya kweli ya mahali nguva wanapokula, iliyochorwa na wavuvi wenyewe. Hapo ndipo tutakapoweza kuwaambia, kwa haki, ni maji gani jarife lisitegwe usiku na ni miezi ipi, na Serikali itajua ni wavuvi wangapi wa kupewa zana badala yake. Bajeti za Halmashauri huandaliwa kila mwaka, na fungu la daftari, kalamu na mafuta ya boti moja ya doria si kubwa kiasi cha kusubiri mfadhili.